Namba Zisizobadilika Ndani ya Prosesa: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni kuandika msimbo wa kuchakata picha, upande mmoja kwa seva zenye prosesa za Intel na AMD, upande wa pili kwa simu zenye prosesa za ARM. Kazi hiyo imenizoesha kusoma asembli inayotolewa na kompaila, mstari kwa mstari, na humo nimejifunza kuheshimu jambo ambalo waandishi wengi wa programu hulipita bila kuligusa: vekta thabiti, yaani namba chache ambazo kompaila inazijua tangu mwanzo na ambazo hazitabadilika kamwe.

Prosesa za leo hushika namba kadhaa kwa pamoja katika rejista moja pana. Kwenye SSE ya x86 (usanifu wa Intel na AMD) na NEON ya ARM rejista hiyo ina biti 128, kwenye AVX ina 256, na kwenye AVX-512 ina 512. Ukitaka kuongeza 1 kwenye namba nne kwa mpigo mmoja, lazima pawe na vekta nyingine yenye 1, 1, 1, 1. Zinatoka wapi hizo moja nne? Amri za SSE na AVX hazina mahali pa kuandikia vekta nzima ndani yake. Njia ya kawaida ya kompaila ni kuziweka baiti hizo 16 kwenye eneo la data ya kusomwa tu, kisha kutoa amri ya kuzipakia kutoka kwenye kumbukumbu. Njia hiyo ni sahihi, lakini mara nyingi si ya pekee wala si bora.

1. Itazame thamani yenyewe kwanza

Sifuri ndiyo rahisi kuliko zote. Amri ya pxor, rejista ikipewa yenyewe mara mbili, hutoa sifuri kila mahali, na prosesa za Intel tangu Sandy Bridge ya mwaka 2011 huitambua mapema kabisa, wakati wa kugawa rejista, bila kuipeleka kwenye kitengo chochote cha hesabu. Vekta yenye biti zote 1 nayo haihitaji kumbukumbu: pcmpeqd hulinganisha rejista na yenyewe, na kwa kuwa kila namba kamili ni sawa na yenyewe, jibu ni 1 katika kila biti.

Ukishapata biti zote 1, milango mingi inafunguka. Zisogeze kulia kwa nafasi 31 katika kila kundi la biti 32, inabaki namba 1 katika kila nafasi. Zisogeze kulia kwa nafasi moja tu, unapata kinyago kinachofuta alama ya hasi kwenye namba ya desimali. Zisogeze kushoto kwa 31, unabaki na biti ya alama peke yake. Hata 1.0 inapatikana kwa njia hii. Katika biti 32 namba hiyo huandikwa 3F800000 kwa mfumo wa kumi na sita. Anza na FFFFFFFF. Sogeza kushoto kwa 25, unapata FE000000. Sogeza kulia kwa 2, nayo ni 3F800000. Amri tatu, hakuna kumbukumbu iliyoguswa. Agner Fog ameorodhesha mapishi ya namna hii katika miongozo yake ya kuboresha asembli, na mtu yeyote anayefanya kazi hii anapaswa kuisoma.

Tupime ukubwa. Kwa namba 1 katika nafasi nne, pcmpeqd ina baiti 4 na psrld ina 5, jumla 9. Kupakia kwa movaps kunakula baiti 7 za amri na baiti 16 za data, jumla 23. Kwenye karatasi mshindi yuko wazi. Fundisho la pili ndilo lililonizuia kukimbilia hukumu hiyo.

2. Kitanzi chenye kasi hakikuonyeshi gharama halisi

Ukiweka kipande cha msimbo ndani ya kitanzi na kukirudia mara milioni, kompaila huitoa vekta thabiti nje ya kitanzi. Inapakiwa mara moja, basi. Hata ikibaki ndani, data yake inakuwa tayari kwenye kashe ya ngazi ya kwanza, iliyo jirani kabisa na prosesa, na upakiaji huo hausubiri hesabu nyingine yoyote, kwa hiyo prosesa huuanza mapema huku kazi nyingine zikiendelea. Prosesa za Intel tangu Sandy Bridge zinaweza kupakia mara mbili katika kila mzunguko wa saa. Katika mazingira hayo, amri mbili au tatu za kutengeneza namba zinaweza kuwa mzigo kuliko upakiaji mmoja, kwa sababu zinagombea vitengo vilevile ambavyo hesabu yako inavihitaji.

Gharama ya kweli iko kwenye shughuli zinazoitwa mara chache: kufungua faili, kusoma kichwa cha picha, kuandaa jedwali la rangi. Huko kashe imeshajaa mambo mengine. Baiti 16 zinazohitajika haziji peke yake. Zinakuja na mstari mzima wa kashe wenye baiti 64, na kama mstari huo uko kwenye kumbukumbu kuu, prosesa inaweza kusubiri mamia ya mizunguko ya saa. Programu ikiwa ndiyo kwanza imeanza, huenda hata ukurasa wenyewe wa baiti 4096 ukawa bado haujaletwa kutoka kwenye diski. Majaribio ya kasi ya kawaida hayalioni jambo hili kabisa, maana yanapima msimbo uliokwisha kupata joto.

Kuna mahali pengine gharama inapojificha. Kwenye Linux ya x86 ya biti 64, kanuni za kuita shughuli hazihifadhi rejista yoyote ya vekta. Ukiita logf, shughuli ya kukokotoa logi, ndani ya kitanzi, kila vekta thabiti uliyoiweka kwenye rejista inahesabiwa kuwa imepotea, na lazima irudishwe kila mzunguko. Windows huhifadhi xmm6 hadi xmm15, kwa hiyo msimbo uleule unaweza kuwa na gharama tofauti kabisa kwenye mifumo hiyo miwili.

3. Wakati mwingine upakiaji ni wa bure

Amri ya kujumlisha kama paddd inaweza kuchukua mojawapo ya vekta zake moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu. Kupakia na kujumlisha vinakuwa amri moja, na hakuna rejista ya ziada inayoshikiliwa. Kwa SSE ya zamani sharti ni kwamba data ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, jambo ambalo kompaila hulihakikisha yenyewe kwa vekta zake.

Hapa ndipo ujanja wa kubana nafasi unapoweza kuharibu. Tuseme umeona kwamba 1, 1, 1, 1 ni namba moja iliyorudiwa, ukahifadhi baiti 4 badala ya 16 na kutumia amri ya kusambaza. Umeokoa baiti 12, lakini sasa una amri mbili na rejista moja zaidi. Msimbo ukiwa na upungufu wa rejista, hasara hiyo inaonekana mara moja. AVX-512 iliondoa mvutano huu kwa kuruhusu amri ya hesabu yenyewe kusoma baiti 4 na kuzisambaza katika nafasi 16, hivyo baiti 64 za data zinageuka 4 bila amri ya ziada. Kwangu mimi huo ni mmoja wa uamuzi bora kabisa katika usanifu wa x86.

4. Kubana kufanyike mwishoni

Zipo njia nyingi za kubana. Namba moja iliyorudiwa husambazwa kwa vbroadcastss au vpbroadcastd. Vekta kama 1, 0, 0, 0 hupakiwa kwa movss, ambayo hujaza sifuri kwenye nafasi za juu. Vekta ya 0, 1, 2, 3 kwa biti 32 ina baiti 16, ilhali habari yake yote inatosha kwenye baiti 4: 00, 01, 02, 03. Amri ya vpmovsxbd huzisoma baiti hizo nne na kuzipanua kuwa namba nne kamili.

Bei zake hazilingani. Kwenye prosesa nyingi za Intel, kusambaza namba ya biti 32 kutoka kwenye kumbukumbu hufanywa na kitengo cha upakiaji chenyewe. Kusambaza baiti moja, au kupanua kwa vpmovsxbd, huongeza kazi kwenye kitengo cha kupanga upya namba, ambacho msimbo wa picha hukitumia kupita kiasi.

Swali lililonichukua muda mrefu zaidi ni: kompaila ifanye uamuzi huu lini? LLVM ina hatua maalumu ya x86 ya kurekebisha vekta thabiti, nayo imewekwa karibu na mwisho kabisa, baada ya rejista kugawiwa. Sababu yake ni nzuri. Mapema, vekta ikiwa bado nzima, kompaila ina uhuru wa kuiunganisha na amri ya hesabu, au kuipakia upya badala ya kuihifadhi kwenye rafu ya kumbukumbu rejista zinapokwisha. Kitu kinachotengenezwa kwa amri moja isiyotegemea rejista nyingine ni rahisi kukitupa na kukitengeneza tena. Kikishakuwa mnyororo wa amri mbili au tatu, uhuru huo unapungua sana. Ukibana mwishoni, unabana tu kile kilichobaki kuwa upakiaji wa peke yake.

5. Kila usanifu una namba unazozipendelea

ARM ya biti 64 ina amri za baiti 4 tu, lakini wabunifu wake walitenga nafasi ya namba za vekta. Amri ya movi hubeba namba ya biti 8, na fmov hubeba desimali kuanzia 0.125 hadi 31, chanya au hasi, kwa hatua maalumu: 0.5, 1.0 na 2.0 zimo, 0.1 haimo. Namba isiyoingia huhitaji adrp na ldr, amri mbili pamoja na baiti 16 za data.

Nimefaidika sana na jambo hili. Kugeuza picha ya rangi kuwa ya kijivu hutumia vizidishi 0.299, 0.587 na 0.114. Hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye fmov. Ukivigeuza kuwa 77, 150 na 29, jumla yake ni 256, kila kimoja kinaingia kwenye movi, na kugawanya kwa 256 ni kusogeza biti 8. Kompaila haiwezi kukuchagulia namba hizo, kwa sababu inabanwa na namba ulizoiandikia.

RISC-V ina njia yake. Vmv.v.i hupokea namba kuanzia -16 hadi 15 pekee, ila amri zake nyingi za vekta hukubali rejista ya kawaida kama upande wa pili, kwa hiyo kusambaza hakuhitajiki. Vid.v hutengeneza 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Vekta ya baiti nne, 1, 2, 3, 4, inaweza kutazamwa kama namba moja, 04030201 kwa mfumo wa kumi na sita, ikaundwa kwa lui na addi, kisha ikahamishiwa kwenye rejista ya vekta.

6. Ujanja ulioandikwa kwenye C haudumu

Ukiandika hatua za kulinganisha na kusogeza biti kwa mkono, Clang, kompaila ya C ya LLVM, huzikokotoa yenyewe, inaona jibu ni thabiti, na inalirudisha kwenye kumbukumbu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kufanya. Inafuata maana ya msimbo. Marekebisho ya aina hii mahali pake ni ndani ya kompaila, ambako kila mtu atanufaika.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji unayeandika C, C++ au Rust: fungua tovuti ya Compiler Explorer, andika shughuli fupi yenye vekta moja thabiti, badilisha prosesa lengwa, na usome kilichotoka. Ukikuta baiti 16 zimepakiwa mahali ambapo 4 zingetosha, waandikie watu wa GCC au LLVM. Weka msimbo mfupi unaoonyesha tatizo, toleo la kompaila, chaguo ulizotumia na asembli uliyoitarajia.