Ukuukuu wa Kamba: Vidokezo 10 kwa Mwenye Gari la Zamani Mombasa

Simama Makadara saa moja asubuhi uyaone yakipita: Pijo 504 ya pikapu imejaa magunia, Land Rover iliyopakwa rangi mara saba, Datsun 1200 ya babu mwenye kofia ya viua. Wenyewe hawauzi, na wana haki yao. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Hiyo 504 ilizaliwa Ufaransa 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978, na hapa Kenya ikaendelea kuunganishwa hadi 2004.

Umri si kosa. Sheria ya miaka minane ya KEBS, ile ya KS 1515, hulingoja gari linaloshuka melini Kilindini. Lililokwisha kuingia haliulizwi miaka. Kinacholiponza gari kuukuu ni moshi. NEMA ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014, NTSA ina ukaguzi wake, na jirani wa Kibokoni aliyeanika nguo barazani ana ulimi wake. Juu ya hayo, oili ya leo dukani siyo aliyoitia baba yako. Haya kumi yatakusaidia.

1. Geuza kopo, soma mgongo

Mbele ya kopo kuna picha ya gari la mashindano na maneno matamu. Nyuma, ndani ya duara dogo, kuna herufi za API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili ndiyo rika: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya karibuni. SF ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma, SJ ni ya 2001 kurudi nyuma, SL hadi 2004, SM hadi 2010. SP ilitoka 2020. Ama SA haina dawa yoyote ndani yake, na haifai injini nyingi zilizoundwa baada ya 1930. Kwa hiyo bei ikikufurahisha kupita kiasi, tazama herufi kabla ya kutoa pesa. Huenda unauziwa oili ya enzi za Corolla KE70 ukaitie Probox.

2. Jua kilichopunguzwa

Oili mpya husafisha vizuri zaidi na hustahimili joto zaidi. Lakini kuna dawa moja imepunguzwa: mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaoitwa ZDDP, ambao huweka utando mwembamba pale chuma kinapokandamiza chuma. Imepunguzwa kwa sababu ya hewa tunayovuta. Oili ikiungua, fosforasi hutoka na moshi, hukigandia kile kifaa cha kusafishia moshi kiitwacho katalisti, na kukiua polepole. Ndipo kikomo cha fosforasi katika oili nyepesi kikashushwa kutoka asilimia 0.10 kwenye SL hadi 0.08 kwenye SM.

Probox haitajua tofauti. Lakini 504, Datsun 1200 na Volkswagen ya mgongo wa kobe zina tapeti bapa zinazosuguana na kamshafti mchana kutwa, na zilizoea dawa nyingi. Habari njema ni kwamba kikomo hicho kiliziandama oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Zile nzito, 15W-40 na 20W-50, hazikubanwa vile. Kwa Pijo, tafuta oili nzito yenye herufi za pande mbili, mfano CI-4/SL; oili za rika hilo zilizotungwa kwa dizeli za malori zina dawa ya kutosha. Gari lako likiwa na katalisti, fuata kitabu chake, usifuate cha mwenzio.

3. Namba mbili, maana mbili

Katika 20W-50, ile 20W hueleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na 50 hueleza uzito wake injini ikiwa moto. Mombasa haijui theluji, kwa hiyo namba ya kwanza haikunyimi usingizi. Ya pili ndiyo ya kuangalia. Injini iliyolegea kwa miaka hupenda oili yenye mwili kama asali. Ukiitia 0W-20 itapita kwenye ringi kama maji kwenye tenga. Na kinyume chake ni kosa vilevile: injini ndogo ya kisasa iliyoundiwa 5W-30 ukiinywesha 20W-50, tundu zake nyembamba zitasubiri oili kila asubuhi huku vyuma vikisagana.

4. Hesabu saa, usihesabu kilomita peke yake

Kutoka Mji wa Kale hadi Marikiti, Marikiti hadi Tudor, Tudor hadi nyumbani: kilomita sita, na injini haijapata moto sawasawa. Ongeza foleni ya feri Likoni, gari limesimama na injini yanguruma. Safari fupi huacha maji na petroli ndani ya oili, maana haipati joto la kuvikausha. Kilomita zako zitaonekana chache, na oili imeshachoka. Ukiishi maisha hayo ya kisiwani, badilisha mapema kuliko kitabu kisemavyo, na hata kama hulitembezi, usipitishe miezi sita. Halafu mara moja kwa wiki litoe: vuka Makupa, panda Mazeras, rudi. Injini nayo yataka kupunga upepo.

5. Moshi ni barua, isome kabla mkaguzi hajaisoma

Washa gari asubuhi, shuka, nenda nyuma.

- *Wa buluu:* gari linakula oili. Ukitoka unapowasha tu kisha ukakatika, shuku sili za vali. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi.
- *Mweusi:* mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na kilicho rahisi, filta ya hewa. Vumbi la Mombasa halina huruma. Kisha nozeli zipimwe, na kwa petroli kabureta isafishwe.
- *Mweupe usiokwisha:* kama maji ya radieta yanapungua, gasketi ya kichwa imeachia. Kwa dizeli, huenda mafuta hayaungui vizuri.

Siku ya kupeleka gari ukaguzi, fika injini ikiwa moto, na oili na filta zikiwa mpya. Fundi akikwambia, "Ami, tuitie dawa ya kuficha moshi," mshukuru na uondoke. Dawa hiyo huzidisha uzito wa oili kwa siku chache tu, na ringi zinabaki zile zile.

6. Mafuta ya gari nayo yamebadilika

Kenya iliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa sumu kwa watoto, lakini ilivilinda viti vya vali katika injini za kale zenye chuma laini. Kama kichwa cha injini yako hakijawahi kuchongwa tangu wakati huo, vali zikaguliwe nafasi zake. Nafasi ikizidi kupungua kila servisi, kiti kinalika. Kichwa kikichongwa, omba viti vya chuma kigumu, na suala likaishia hapo.

Dizeli nayo ilishushwa salfa: Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishuka kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi 50. Mapafu yetu yamenufaika. Kilichobaki kuangalia ni pampu: kusafisha salfa hupunguza utelezi wa dizeli, kwa hiyo dawa ya kuirudishia huongezwa kabla haijauzwa. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina utelezi huo, na pampu ya zamani hulia kwanza. Ndiyo sababu moja iliyoifanya serikali mwaka 2018 kutoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita, ili wachanganyaji wakose faida. EPRA hutia alama mafuta na kupima vituo. Wewe jaza kituo chenye wateja wengi, uchukue risiti, na uikatae dizeli ya mtungi wa pembeni hata ukiambiwa ni ya ndugu.

7. Ukihama oili, hama taratibu

Injini iliyolishwa oili duni miaka kumi ina masizi mazito ndani. Ukiitia ghafla oili nzuri yenye sabuni nyingi, uchafu huachia na kukimbilia kwenye filta. Usiogope, ila usisahau: badilisha oili na filta ya kwanza baada ya kilomita 1,000 hivi, kisha rudi kwenye ratiba. Na usikubali injini ioshwe kwa mafuta ya taa. Husafisha, naam, mpaka ule utando unaozilinda beringi.

8. Toboa kopo tupu

Oili bandia huanza na kopo halali lililookotwa. Ukimaliza kumimina, litoboe chini mbele ya fundi. Unaponunua, kagua kizibo na pete yake, na alama ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi hadi 20023, nawe utajibiwa ni ya nani na ya bidhaa gani. Ukijibiwa sabuni ya kufulia, umeshapata jawabu.

9. Lipake deheni yake

Pale Bandari ya Kale, nahodha hamwachii mungu wa bahari chombo chake. Hukipandisha pwani, ubao ukapakwa sifa, tumbo likapakwa deheni. Gari la Mombasa linaishi kwenye upepo ule ule wa chumvi, ila wenyewe tunaliosha juu tu. Mwagia maji baridi chini ya gari kila baada ya wiki mbili, hasa ukiegesha karibu na maji. Kabla ya masika, fundi apake rangi ya kuzuia kutu kwenye chesisi na matao ya magurudumu. Angalia na sailensa: ikitoboka, moshi huingia ndani kwa abiria kabla ya kumfikia mkaguzi.

10. Oili chafu ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe

Usiimwage mtaroni. Mtaro wa kisiwa hauna pengine pa kwenda ila baharini: Tudor kwenye mikoko, au Kilindini kwa wavuvi. Kisheria ni taka ya hatari. Ikusanye kwenye mtungi ule ule ulioletea mpya, uirudishe gereji inayouzia wakusanyaji. Kabla ya kuifunga, chota kidogo kwa kidole: ikiwa na vumbi linalometa, chuma kinalika, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Kisha andika. Daftari la shilingi hamsini ndani ya dashibodi: tarehe, kilomita, herufi za oili, lita ulizoongeza katikati. Baada ya mwaka utaona mwenyewe kama mzee wako anazidi kunywa au ametulia. Na siku mwanao atakapokabidhiwa ufunguo, mpe na daftari, asije akaanza kuuliza upya gari hili hunywa nini.