SOMO LA AFYA: MAFUTA YA DAMU NA MACHO YA MWENYE KISUKARI



Mwanachama asiyeona vizuri hawezi kusoma mizani wala kuhakiki stakabadhi ya mazao yake. Kwa hiyo somo hili lahusu mali yake kama lihusuvyo afya yake.

1. Jinsi madhara yaanzavyo

Nyuma ya jicho mna utando uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kulishwa na mishipa myembamba sana ya damu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hudhoofika na kuvuja maji pamoja na mafuta. Maji yaweza kunyonywa tena, lakini mafuta hubaki yameganda kama madoa ya manjano. Madoa hayo yakifika katikati ya retina, mgonjwa hushindwa kusoma. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa madoa hayo yalikuwa mengi zaidi kwa wagonjwa wenye kolesteroli nyingi.

2. Majaribio ya dawa

Fenofibrati ni dawa ya kupunguza mafuta ya damu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 9,795 wa Australia, New Zealand na Finland. Matokeo ya mwaka 2007 yalikuwa haya: waliohitaji tiba ya leza walikuwa 3.4 kwa mia miongoni mwa waliopewa dawa, na 4.9 kwa mia miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio la Scotland, lililotangazwa mwaka 2024, nalo lilionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kasi ya ugonjwa. Hata hivyo, katika jaribio la kwanza faida haikulingana na kiwango cha mafuta kilichopimwa. Yamkini dawa hiyo huilinda retina kwa njia nyingine pia.

3. Wajibu wetu

Kudhibiti sukari na shinikizo la damu ndiyo kinga ya kwanza. Dawa hii isinunuliwe bila ya daktari, kwani haimfai mwenye figo mbovu sana. Ugonjwa huu huanza bila maumivu. Basi mwenye kisukari achunguzwe macho kila mwaka, hata kama anaona vyema.

Maswali ya kujadiliwa chamani

(a) Madoa ya manjano hutokana na nini?
(b) Kwa nini asiyeona dalili yoyote naye achunguzwe?
(c) Chama chetu kitawasaidiaje wanachama kufika kliniki ya macho?