Kukadiria Umri wa Nguo za Kiume za Zamani: Kuanzia Lebo ya Mtumba hadi Kaunda Suti ya Babu

Wanachuo wenzangu, boom likiingia wengi wetu tunakimbilia mnadani kutafuta pamba. Ila tupo wachache tunaotafuta kitu kimoja tu: nguo za kiume za zamani. Koti la sufu, bugaluu, kaunda suti. Tunazikusanya, tunakadiria umri wake, na hela ikipatikana tunamwomba fundi atushonee nakala. Leo tujifunze namna ya kukadiria, maana kuna nguo tunazipoteza huku tunaziangalia.

Kanuni ni hii: usikimbilie kutaja mwaka mmoja. Tafuta mwaka ambao nguo haiwezi kuwa imeshonwa kabla yake, kisha mwaka ambao haiwezi kuwa imeshonwa baada yake. Ukweli uko katikati.

Kwa mtumba, angalia mambo manne:

1. Jina la nchi. Lebo ikisema "Made in West Germany", nchi hiyo ilianza 1949 na ikaungana na Ujerumani Mashariki Oktoba 1990.

2. Alama ya Woolmark, ule mchoro wa uzi wa sufu uliosokotwa. Ilianza kutumika 1964.

3. Maelekezo ya kufua. Marekani ilianza kuvilazimisha viwanda kuyaweka 1972, na michoro bila maneno ikaruhusiwa huko 1997.

4. Uzi wenyewe. Chomoa mmoja ndani ya pindo, uchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, pamba kama karatasi, na poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Mfano: kwenye gulio letu la Kisiwani, chini ya Milima ya Upare, nilipata koti zito ambalo kwa joto la kule bondeni hakuna aliyelitaka. Lina lebo ya Ujerumani Magharibi na alama ya Woolmark. Basi ni la kati ya 1964 na 1990. Mtindo peke yake usiuamini, kwa sababu mitindo hurudi. Angalia pia kama lebo imeshonewa upya. Fundi anaweza kuihamisha.

Sasa twende nyumbani, ambako kazi ni ngumu zaidi. Kaunda suti imepewa jina la Kenneth Kaunda, aliyekuwa Rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa suti za Chou En-Lai, kwa jina la Waziri Mkuu wa China aliyetutembelea Juni 1965. Wazee wetu wengi walishonewa suti za namna hii na mafundi wa mtaani. Hazina lebo. Lebo yake iko mdomoni mwa mwenyewe.

Kwa hiyo uliza, lakini uliza vizuri. Ukisema, "Shikamoo babu, hii suti ni ya mwaka gani?" atakujibu, "Zamani sana, mjukuu wangu." Muulize alishonewa kwa shughuli gani. Ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Sokoine alikuwa hajafariki, yaani kabla ya Aprili 1984? Au ilikuwa enzi za ruksa, Mzee Mwinyi alipokwisha kuingia madarakani 1985?

Mzee mmoja jirani yetu aliniambia: "Hii nilishonewa mtoto wangu wa kwanza akibatizwa. Kitambaa kilitoka Kenya kwa njia za panya, mpaka umefungwa." Mwaka haukumbuki, lakini mpaka ule ulifungwa 1977 na kufunguliwa 1983. Cheti cha ubatizo cha mtoto kitamaliza ubishi. Sisi tunaosomea ualimu tuone hapo somo zima la Historia: ushahidi wa kitu, wa mdomo na wa maandishi, kila mmoja ukiupima mwingine.

Ukitaka nakala, usifumue suti ya mzee. Itandaze juu ya gazeti, pima kila kipande kutoka mshono hadi mshono, chora, kisha ongeza nafasi ya mshono. Fundi ashone kwanza kwa marekani, kile kitambaa cha bei rahisi. Ukiridhika na mabega na mifuko, ndipo mkate kitambaa chenyewe.

Matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawanywa. Shati zuri lina mtu wake. Kaunda suti iliyochakaa huishia kufutia pikipiki, na hadithi yake inakwenda na mwenyewe kaburini. Likizo hii, kabla hujatafuta koti la Mjerumani, omba ufunguliwe sanduku la babu. Andika jina lake, shughuli, fundi aliyeshona na kitambaa kilikotoka kwenye kipande cha marekani, kwa kalamu isiyofutika. Kishonee ndani ya mfuko. Ni kazi ya dakika kumi tu, ila inabidi babu awepo.