Maziwa ya mama mkwe yananiumiza tumbo

Shangazi, nina miaka 31, nimezaliwa Pangani na nimeolewa Monduli. Kwetu tulikunywa chai ya rangi. Huku, kila asubuhi mama mkwe ananimiminia bilauri ya maziwa freshi yaliyochemshwa. Haipiti saa moja tumbo linajaa gesi, linaunguruma, na mara nyingi naharisha. Rafiki yangu anasema maziwa ni sumu kwa mtu mzima, niache kabisa, na mtindi na samli pia. Tangu wiki iliyopita nimemwachisha hata mwanangu wa miaka mitatu, ingawa hayajawahi kumdhuru. Nami nikikataa, mama mkwe ataona namdharau. Nifanyeje?
Mke wa Monduli

Mwanangu, maumivu yako ni ya kweli, na kuyasema si dharau. Lakini rafiki yako amekutisha bure.

Maziwa yana sukari yake, laktosi, na utumbo hauwezi kuifyonza mpaka ivunjwe na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuacha kunyonya, na hapo laktosi hushuka nzima hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria huichachusha. Ndiyo hiyo gesi na huko kuhara. Mama mkwe wako huenda mwili wake haujaacha kutengeneza laktesi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walieleza badiliko la kijenetiki walilolikuta Tanzania na Kenya, hasa kwa jamii za wafugaji, linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila shida. Kwa dalili ulizonieleza, yaelekea wewe hukulirithi. Maziwa yale yale, bilauri ile ile, matumbo mawili tofauti.

Hata hivyo, usiamini barua yangu kabla ya kujipima. Kwa wiki mbili usiguse maziwa ya aina yoyote, na ya unga kwenye chai na biskuti yamo. Ukipata nafuu, kunywa bilauri moja asubuhi uone. Tumbo likirudia yale yale, umepata jibu. Lakini kama midomo huvimba au ngozi hutoka vipele ukinywa maziwa, usijaribu: huo ni mzio, na hata mtindi ni hatari kwako. Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, nenda hospitali, usihangaike na maziwa.

Ikiwa ni laktosi, cha kuacha ni maziwa freshi. Samli karibu haina laktosi. Mtindi bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo, na watu wengi wenye tumbo kama lako huuvumilia; anza na nusu kikombe, pamoja na chakula. Na hapo, mwanangu, dawa iko nyumbani kwa mama mkwe mwenyewe: maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Mwendee mkiwa wawili, pasipo wageni, wala usimtume mume wako. Mwambie, "Mama, maziwa freshi yananisumbua tumbo, ila ya kibuyu yananikaa vizuri. Naomba unitilie hayo." Hapo utakuwa umemwomba, hukumkataa.

Mifupa yako nayo isisahaulike. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalisi kwa siku, na bilauri ya maziwa hutoa karibu 300. Ukiiacha, ziba pengo kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi, sukuma wiki na ufuta. Tui la nazi ni tamu, nami nalipenda, lakini kalisi yake ni kidogo mno, usilihesabu.

Mtoto hukupaswa kumwachisha. Hajaugua, anakua, na kalisi, protini na mafuta ya maziwa anayahitaji. Leo jioni yachemshe vizuri, yapoe, umrudishie kikombe chake.