Somo la Tano: Namna ya Kusoma Tangazo la Nyumba au Kiwanja Mtandaoni

Zamani aliyetafuta nyumba ya kupanga au kiwanja cha kununua alimwendea dalali wa mtaa, naye dalali akamtembeza kwa miguu. Siku hizi dalali huyohuyo yumo pia ndani ya simu. Hupiga picha, huandika maelezo machache, huyaweka Instagram, Facebook na katika makundi ya WhatsApp, na kabla ya jua kutua tangazo limesomwa na watu asiowajua. Mabadiliko haya yana faida kwa mlaji, kwa kuwa anaweza kulinganisha nyumba nyingi bila kutoa nauli. Yana hatari pia, kwani picha na maneno humfikia kabla ya nyumba yenyewe, na mara nyingine fedha hudaiwa kabla hajaona ukuta hata mmoja.

Kwa familia nyingi, kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima ni miongoni mwa fedha kubwa zaidi wanazotoa kwa mkupuo, na kiwanja ni akiba ya miaka. Kwa sababu hiyo, somo hili linasimama juu ya jambo moja: tangazo la kweli ni lile linaloweza kukaguliwa kabla fedha hazijatoka. Uzuri wa picha si kipimo. Kipimo ni kama kila kauli iliyomo inataja jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulithibitisha.

Kauli inayokaguliwa na isiyokaguliwa

Tuchukue tangazo tulilolitunga kwa ajili ya somo hili, kwa mtindo ambao msomaji anaufahamu:

"Nyumba ya kisasa inapangishwa, Mbezi. Vyumba viwili, sebule, jiko. Dakika kumi tu hadi Mwenge. Maji ya uhakika, mazingira tulivu. Kodi 300,000 tu kwa mwezi. Wahi, wateja ni wengi!"

Tulipime neno kwa neno. Mbezi ipi? Jijini Dar es Salaam kuna Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo, na kuna Mbezi ya Kimara, kwenye Barabara ya Morogoro. Dakika kumi kwa chombo gani, na saa ngapi? Mwendo wa gari binafsi alfajiri ya Jumapili haufanani na mwendo wa daladala jioni ya Jumatatu. Maji ya uhakika ni ya DAWASA, ya kisima, au ya kununua kwa boza? "Ya kisasa" na "tulivu" ni sifa zisizo na kipimo. Na neno "wahi" halielezi nyumba hata kidogo. Linakuharakisha tu uamue kabla ya kuuliza.

Sasa tulinganishe na tangazo la nyumba hiyohiyo lililoandikwa kwa uaminifu:

"Nyumba inapangishwa, Mbezi Beach, mita 900 kutoka kituo cha daladala kwa barabara ya vumbi. Vyumba viwili, kimoja kina choo ndani. Sebule na jiko. Maji ya DAWASA hutoka siku tatu kwa wiki, lipo tangi la lita 2,000. Luku ni ya peke yake. Kodi 300,000 kwa mwezi, hulipwa kwa miezi sita. Udalali ni kodi ya mwezi mmoja, baada ya mkataba kusainiwa. Picha zimepigwa wiki hii. Wakati wa masika barabara huwa na tope."

Tangazo la pili halina mbwembwe, lakini kila sentensi yake inaweza kukaguliwa. Zaidi ya hayo, limetaja kasoro. Dalali anayekutajia tope la masika amepoteza wateja wachache, lakini amekupa sababu ya kuyaamini maneno yake mengine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bei iliyoandikwa na bei utakayolipa

Kodi ya 300,000 kwa mwezi si fedha utakayoitoa siku ya kuhamia. Malipo ya miezi sita ni 1,800,000. Ukiongeza udalali wa mwezi mmoja, jumla ni 2,100,000. Baadhi ya madalali hudai pia fedha ya kukuonyesha nyumba, hata usipoichukua. Tangazo la haki hutaja yote hayo mapema. Lisipotaja, uliza kwa maandishi: "Nikiichukua nyumba hii, jumla ya fedha zote nitakazotoa ni kiasi gani, na nitamlipa nani?"

Jihadhari na bei ya chambo. Unakwenda kuona nyumba ya 300,000, unaambiwa imechukuliwa jana, lakini ipo nyingine ya 400,000. Kwa hesabu ileile, nyumba hiyo itakugharimu 2,800,000, yaani 700,000 zaidi ya ulizopanga. Inawezekana nyumba ya kwanza imechukuliwa kweli. Lakini tangazo lake likibaki mtandaoni wiki mbili baadaye kwa bei ileile, umepata jibu. Dalali mwaminifu huondoa tangazo au huandika kwamba nyumba imekwishapata mpangaji.

Picha

Picha inaweza kuwa ya nyumba hiyohiyo na bado ikapotosha. Lenzi pana hukifanya chumba kidogo kionekane ukumbi. Picha ya Agosti haionyeshi maji yanapotuama Aprili. Picha nyingine zimechukuliwa kutoka matangazo ya watu wengine, au hata ya nchi nyingine. Huduma za kutafuta kwa picha, kama Google Lens, zinaweza kukuonyesha mahali pengine ambapo picha hiyo imewahi kuwekwa. Kwa aliye mbali, mathalani Mtanzania aliyeko Muscat anayetafuta kiwanja nyumbani, mwombe dalali akupigie simu ya video akiwa eneo lenyewe, aanzie barabarani hadi mlangoni au hadi kwenye mawe ya mipaka. Simu hiyo haitoshelezi ununuzi. Inakusaidia tu kuamua kama inafaa kumtuma mtu unayemwamini akague.

"Hati ipo"

Katika matangazo ya viwanja, maneno mawili haya yanahitaji kuulizwa kuliko mengine yote. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachokuuzia mwenye hati ni haki ya kuitumia ardhi kwa kipindi maalumu kisichozidi miaka 99. Basi hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1996 itafikia kikomo mwaka 2029. Aliyetangaza "hati ipo" hakusema uongo, lakini hakukwambia kwamba miaka iliyobaki ni michache. Uliza: hati ni ya miaka mingapi, ilianza lini, imeandikwa jina la nani, na matumizi yaliyoruhusiwa ni yapi.

Vilevile, "kimepangwa", "kimepimwa" na "kina hati" ni hatua tatu tofauti. Kiwanja kinaweza kuwamo katika mchoro wa mipangomiji bila kuwa na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kinaweza kuwa kimepimwa bila kumilikishwa mtu yeyote. "Kipo kwenye mchakato wa hati" maana yake ni kwamba hati haijatoka. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo mahali pa kuthibitisha mchoro na upimaji. Ofisi ya Msajili wa Hati ndiyo mahali pa kufanya upekuzi wa rejista ili kujua mmiliki ni nani na kama ardhi imewekwa rehani. Barua ya serikali ya mtaa haichukui nafasi ya upekuzi huo.

Tena, ikiwa mali ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mwanandoa apate ridhaa ya mwenzake kabla ya kuiuza au kuiweka rehani. Kama muuzaji ana mke au mume, taka kuiona ridhaa hiyo kwa maandishi.

Ushauri wenye maslahi

Baadhi ya madalali na kampuni za viwanja huandika pia makala za ushauri: sababu za kununua ardhi Kigamboni, makosa ya wanunuzi wapya, mji unaokua kwa kasi. Kazi hiyo si mbaya, na yapo mengi ya kujifunza humo. Lakini mwandishi anayeuza viwanja Kigamboni ana maslahi katika wewe kukubali kwamba Kigamboni ndiko kuzuri. Uaminifu unamtaka aseme waziwazi kwamba anauza huko. Hali kadhalika mtu maarufu anayesifia mradi kwa malipo anapaswa kueleza kuwa amelipwa.

Tunapendekeza kipimo kimoja chepesi. Soma makala yote, kisha utafute sentensi moja ambayo mwandishi asingefaidika nayo: kwamba maji hayajafika, kwamba kwa baadhi ya watu kupanga ni nafuu kuliko kununua, kwamba thamani ya ardhi inaweza kukaa miaka bila kupanda. Usipoiona hata moja, ichukulie makala hiyo kuwa ni tangazo refu, na uikague kama tangazo.

Sheria inamlinda nani

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kuhusu ardhi, inakataza kauli za uongo au za kupotosha juu ya aina ya haki inayouzwa, bei, mahali ilipo, sifa zake na matumizi yake. Kauli iliyoandikwa WhatsApp ni kauli sawa na iliyochapwa gazetini. Tofauti ni kwamba ya mtandaoni hufutika upesi. Kwa hiyo hifadhi tangazo siku ya kwanza unapoliona: piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na bei, na usifute mazungumzo yenu.

Kabla ya kulipa, timiza haya:

1. Mjue unayeshughulika naye. Dalali wa halali haoni taabu kutaja jina la biashara, leseni na TIN. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kuthibitishwa BRELA.
2. Ione nyumba au ardhi kwa macho yako, au kwa macho ya mtu unayemwamini, na uzungumze na majirani.
3. Kutana na mwenye mali, au mtu mwenye idhini yake ya maandishi.
4. Kwa ardhi, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati wewe mwenyewe au kwa kumtumia wakili wako. Usitegemee nakala uliyotumiwa kwa simu.
5. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kwa jina lililo kwenye mkataba, na upewe risiti.

Ukipotoshwa, malalamiko kuhusu tangazo huwasilishwa Tume ya Ushindani. Ukiwa umetapeliwa fedha, toa taarifa polisi bila kuchelewa. Mgogoro wa ardhi husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Zoezi

Chagua tangazo moja la nyumba au kiwanja lililokufikia wiki hii. Pigia mstari kila kauli unayoweza kuithibitisha, na uzungushie duara kila isiyo na kipimo. Kisha mwandikie dalali maswali matatu yanayotokana na maduara hayo. Akikujibu kwa namba, majina na tarehe, endelea naye. Akikujibu kwamba wateja ni wengi na uwahi, fedha yako ibaki mfukoni hadi upate majibu.