Afisa wa Kodi Akibisha Hodi



Tuseme kikundi chenu kina mashine ya kusaga unga pale sokoni. Asubuhi moja anafika afisa wa Mamlaka ya Ushuru, ile KRA, anataka kuona daftari la mapato. Mwenyekiti hayuko. Mweka hazina anashikwa na woga, anafunga mlango kwa kufuli na kusema ati ufunguo uko na mtu aliyesafiri. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepigana. Je, kuna kosa hapo?

Ndiyo, kuna kosa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inasema ni hatia kumzuia afisa wa kodi katika kazi yake, au hata kujaribu kumzuia. Wengi wetu tukisikia "kuzuia" tunafikiria mawe na rungu. Sheria inaona mbali zaidi. Kukataa kuonyesha hati ni kuzuia. Kuitwa kwa notisi ukatoe maelezo nawe usiende, pia ni kuzuia. Hata kwenda kufanya fujo katika ofisi ya kodi kunahesabiwa. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Na ukimpiga afisa, hiyo ni kesi nyingine juu ya hii.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba kosa hili linasimama peke yake. Pengine kikundi hakikuwa na deni hata la shilingi moja. Daftari lingeonyeshwa, afisa angeenda zake. Sasa kuna kesi, na imeletwa na kufuli, si na kodi.

Lakini kutii sheria si kupiga magoti. Mgeni akifika, mwombeni kitambulisho na barua ya kumruhusu kufanya kazi hiyo. Kuuliza kwa heshima si kuzuia, na matapeli ni wengi siku hizi. Mwulizeni pia ametoka wapi, kwani wanaotoza ushuru wa soko ni watu wa kaunti, si wa KRA, na sheria zao ni zingine. Akichukua vitabu, andikeni orodha ya kila kimoja, naye atie sahihi. Akidai "chai", msitoe. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea.

Je, kama hesabu yake si ya haki? Hapo ndipo vikundi vingi hukosea: badala ya kuandika, wanapiga kelele. Mkiletewa makadirio ya kodi msiyokubaliana nayo, mna siku 30 tangu mpate taarifa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna. Elezeni ni wapi hamkubaliani na kwa nini, mweke na ushahidi. Akikataa, kuna Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya 2013. Tena Katiba yetu, kifungu cha 47, inampa anayeumizwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Lakini siku 30 hazingoji mkutano wa mwisho wa mwezi. Mchagueni mapema mtu wa kuandika barua.

Neno moja kuhusu daftari lenyewe. Sheria inataka hati za kodi zitunzwe miaka 5, kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi asiyejua Kiingereza asione haya. Ila daftari la Kikamba au Kidholuo, hata likiwa safi namna gani, halitoshi.

Maswali ya kujadiliana

Daftari letu hukaa kwa nani, na mtu huyo akisafiri, nani mwingine anaweza kulitoa?

Afisa akija leo, ni nani atakayezungumza naye kwa niaba ya kikundi?

Risiti za miaka 4 iliyopita ziko wapi?