SOMO LETU: GARI HAINA MACHO YA DEREVA

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma unakaribia, na kama ilivyo ada, gari zitaanza kupishana njiani, zikichukua wachumaji alfajiri na magunia ya karafuu magharibi. Kwa hiyo somo la safari hii si la mkarafuu bali ni la usukani.

Miaka hii wengi wetu tumenunua gari zilizokwisha tumika Japani, kwa kuwa huko nako hupita kushoto kama kwetu. Nyingi katika zile za karibuni zina vyombo vya kumsaidia dereva. Kimoja hufunga breki chenyewe kikiona kizuizi mbele. Kingine hulia gari ikitoka katika mstari. Kingine hushikilia mwendo na kulinda mwanya baina yako na gari ya mbele. Ni vyombo vyema, wala hatuvikatai. Hatari yake ni dereva kuvikabidhi kazi yake mwenyewe.

Msimu uliopita tulipanda gari ya mwanachama mwenzetu, tukiteremka kilima na magunia nyuma. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Kando ya njia palikuwa na majamvi ya karafuu, na mtoto akiyakusanya. Mara mtoto akarudi nyuma hatua mbili, akawa barabarani. Dereva alikuwa akitazama simu, kwani amezoea gari kumlilia. Siku ile haikulia. Tukapiga ukelele, akakata usukani, tukaingia mtaroni. Mtoto alisalimika, alhamdulillahi. Dereva alivunjika mkono.

Fundi aliyeikagua gari alituambia kuwa kioo cha mbele kilikuwa kimebadilishwa, na kamera iliyo nyuma ya kioo haikulengwa upya. Taa ya manjano ilikuwa ikiwaka siku zote, na maandishi yake ni ya Kijapani. Hapana aliyeuliza maana yake.

Lakini hata kamera iliyolengwa vyema ina udhaifu wake. Mvua kubwa, tope, jua la machweo na giza huipunguzia nguvu. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu gari zenye breki za namna hii, kikaona kuwa usiku hazifai kumkinga mtu wa miguu. Chombo cha mstari nacho hutafuta rangi iliyopakwa barabarani, na njia zetu nyingi za shamba hazina mstari wowote.

Tarehe 7 Mei 2016, karibu na Williston, Florida, gari ya Tesla iliyokuwa ikijiongoza ilipita chini ya trela ya lori lililokuwa likikata njia, dereva wake akafa. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba katika dakika 37 za chombo hicho kufanya kazi, mikono ilihisiwa usukanini kwa sekunde 25 tu.

Basi, ndugu zetu, tushike haya:

1. Macho yawe njiani na mikono usukanini. Simu ikae mfukoni.

2. Acha mwanya wa sekunde mbili nyuma ya gari ya mbele. Mvua ikinyesha, ziwe nne. Gari yenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde.

3. Mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huwa kama mara nne. Gari yenye magunia iteremke kilima kwa gia ndogo, polepole.

4. Taa ya onyo ikiwaka, mwone fundi siku hiyo hiyo. Kioo kikibadilishwa, uliza kama kamera imelengwa. Maandishi usiyoyajua, mtafute wa kukufasiria.

5. Kishika mwendo kizimwe wakati wa mvua na katika njia za vijijini.

6. Wenye kuanika, majamvi yawekwe mbali na ukingo wa barabara, na watoto wasiachwe peke yao kuyakusanya magharibi.

Chombo kisipolia, usidhani njia ni salama. Pengine hakikuona tu. Karafuu iliyochelewa kufika itanunuliwa kesho, lakini mtoto aliyegongwa harudishwi na breki yoyote.

Wasalaam,
Katibu